Baiskeli Isipopita Kotile, Ng'ombe Atapita Wapi?

Kwetu pwani, mtu mzima mwenye nauli ya basi mfukoni akionekana anafunga mizigo nyuma ya baiskeli kwa safari ya mbali, watu humuuliza swali moja tu: "Umefilisika, bwana?" Nami niliulizwa vivyo hivyo na jamaa zangu wa Malindi nilipowaarifu kwamba nakusudia kuufuata Mto Tana kwa baiskeli, kuanzia kwenye milima unakozaliwa mpaka Kotile, kule Ijara katika kaunti ya Garissa. Sikuwa nimefilisika. Nilitaka tu kujua maji yanayoingia baharini pale Kipini yametoka wapi, na yamepitia mikononi mwa nani kabla ya kutufikia sisi.

Sitaki kumchosha msomaji kwa hadithi ya ushujaa, kwani ushujaa wenyewe haukuwapo. Mahali pengi niliisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Nataka kusema jambo moja ambalo nisingalilijua lau ningalisafiri kwa gari, nalo ni hili: kando ya Tana, njia ya baiskeli, njia ya ng'ombe na njia ya mtoto aendaye shule ni njia moja. Ikifungwa kwa mmoja imefungwa kwa wote. Na sasa inafungwa kidogo kidogo, mchana kweupe, wala hakuna anayepiga ukelele.

MTEREMKO WA MILIMANI

Tana huzaliwa kwenye safu ya Nyandarua na kwenye Mlima Kenya, ambao kilele chake kimefika mita 5,199 juu ya bahari. Nilipakia baiskeli juu ya basi hadi Embu, mji ulio mita 1,350 hivi, nikaanza safari hapo asubuhi na mapema baada ya sala ya Alfajiri. Kutoka Embu barabara yateremka kuelekea Kiritiri katika nchi ya Wambeere, na hapo ndipo mwendesha baiskeli hufundishwa adabu. Ukiachia breki, baiskeli yakukimbia kama punda aliyeonja pilipili. Ukizishika mno, mipira yake yapata moto na kuanza kunuka. Kila ukifika bondeni kuna kijito, na kila baada ya kijito kuna mlima mwingine wa kupanda ukihema. Vijito hivyo vyote vyaenda Tana.

Mbele yake kuna mabwawa. Kati ya mwaka 1968, Kindaruma lilipofunguliwa, na mwaka 1988, lilipokamilika Kiambere, mto huu ulifungwa mara tano: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo hasa ghala la maji ya mto mzima. Umeme wetu mwingi ulitoka hapo kwa miaka na miaka. Jiji la Nairobi nalo hunywa kutoka bwawa la Ndakaini lililo kwenye Mto Thika, na Thika ni mtoto wa Tana.

Nilisimama juu ya ukingo nikaangalia maji yale yaliyotulia kama kioo, nikawaza habari za watu wa chini. Maana huku juu maji yakizuiliwa, chini hupungua yale mafuriko ya kiasi yaliyokuwa yakirutubisha mashamba ya Wapokomo na kuotesha majani ya mifugo. Na mvua zikizidi, mabwawa yakajaa na kumwaga, watu wa chini hutangaziwa wahame. Mwaka 2018 yalitokea, na mwaka 2020. Novemba 2023 barabara ya Madogo kuingia Garissa ilikatwa na maji, na Aprili 2024 ikakatwa tena, watu wakavushwa kwa mashua pale pale yanapopita malori siku nyingine. Waliozama wakazama. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baada ya Kiritiri njia huendelea hadi Kangonde, ikakutana na barabara kuu ya Thika kwenda Garissa. Hapo mto na barabara huachana. Mto wajipinda kaskazini, ukapita Tharaka na Kora, porini alikoishi George Adamson na simba wake mpaka alipouawa tarehe 20 Agosti 1989. Barabara yenyewe yaelekea mashariki, Mwingi, Nguni, Ukasi, Bangale. Milima yabaki nyuma ikigeuka buluu, miti yafupika, jua lakaza uso. Ukifika Madogo, ng'ambo ya Garissa, umeshuka hadi kama mita 150 tu juu ya bahari. Kutoka Masinga, ambako maji yakijaa husimama mita 1,056, ni mteremko wa mita 900. Ni kama kuteremka ngazi ya nyumba bila kuona ngazi.

TAMBARARE NA MCHANGA WAKE

Mtu aweza kudhani kwamba mlima ndio mgumu na tambarare ni rahisi. La hasha! Nilipovuka daraja la Garissa na kugeuka kusini kwa njia ya ng'ambo ya mashariki, kupitia Bura na Nanighi kuelekea Masalani na Kotile, ndipo nilipojua kwamba mlima una huruma, kwani baada ya kupanda hukupa mteremko. Mchanga hauna malipo. Gurudumu lazama, usukani wayumba, ukishuka usukume, viatu vyajaa. Pale pasipo mchanga pana udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza gurudumu, na wakati wa mvua hushika tairi kama unga wa ngano mpaka baiskeli isizunguke kabisa.

Na hata hivyo, sikuwa mwendesha baiskeli peke yangu. Kila nilipokaribia kijiji nilikutana na wenzangu. Huyu amefunga mitungi ya maji, yule amebeba gunia la mahindi, wa tatu amempakia mama mgonjwa akienda zahanati, kwa mwendo wa pole, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine umemshikilia mgonjwa asianguke. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, yaani uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Baiskeli ile nyeusi nzito, ambayo wengine huidharau kwamba ni chombo cha maskini, ndiyo lori la bonde hili. Haili mafuta, wala haihitaji daraja, kwani huingia mtumbwini ikavushwa pamoja na mwenyewe.

Nilipofika Kotile, Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Msikitini nilikuta maji ya kutawadha ndani ya mitungi, na nje ya ukuta pameegemezwa baiskeli iliyoyaleta, ingali inadondoka matone. Nilipoyagusa yale maji nilikumbuka vile vijito vya Embu. Ni maji yale yale, nayo yalikuwa yametangulia kufika.

MALKA

Sasa nije kwenye shabaha yangu. Karibu na Kotile nilitaka kushuka mpaka mtoni, nikashika kijia kilichoonekana kimenyooka. Baada ya hatua mia chache kijia kikamezwa na vichaka. Nikajikaza nikapita, gurudumu la mbele likapiga mluzi, likalala. Nilipolitazama nikaona miiba mitatu, mirefu kama sindano za magunia.

Alikuja mzee mmoja wa Kisomali, mkongojo mkononi, mbuzi wake nyuma. Tulipoamkiana alinishikia baiskeli huku nikiziba pancha, nami nikamuuliza, "Adeer, malka iko wapi hapa? Nataka kushuka mtoni."

Akanitazama kidogo, akasema, "Malka ndiyo hii uliyotobokea."

Msomaji asiyelijua neno hili na alijue. Malka, kwa Waorma na Wasomali, ni ujia wa wazi unaoshuka kutoka malishoni hadi mtoni, ukapita katikati ya mashamba na msitu wa kando ya mto, ili mifugo ipate kunywa bila kukanyaga mimea ya watu. Huo si uchochoro wa bahati nasibu. Ni makubaliano ya wazee, yaliyorithiwa baba kwa mwana: mkulima hatalima hapa, na mfugaji hatapita pengine. Wapokomo walima kando ya maji, Waorma na Wasomali wachunga mbali na maji, na malka ndiyo mlango kati ya nyumba hizi mbili. Kiangazi kikikaza, mlango huo ndio uhai.

Ni nani aliyeuziba? Hapa pana washitakiwa watatu. Wa kwanza ni mathenge, ule mti wa miiba uliotoka Amerika, ukaletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa, ukapandwa hata kwenye miradi ya unyunyizaji ya Bura na Hola. Mti huo ulipoonja maji ya Tana haukutaka kuondoka. Ng'ombe na mbuzi hula maganda yake matamu, wakazisambaza mbegu kwa mavi yao, basi kila malka wanapopita hujipandia adui wao wenyewe. Wa pili ni mashamba. Watu wamezidi, mkulima aongeza tuta moja mwaka huu, tuta moja mwakani, mpaka ujia wa kupita kundi zima wabaki wa kupita mbuzi mmoja. Wa tatu ni mto wenyewe, ambao hubadili mkondo na kubomoa kingo, basi malka ya jana leo huishia kwenye genge.

Wala tusifanye kana kwamba haya ni mambo madogo ya wachungaji. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, chini kidogo ya hapa, katika delta ya Tana, watu zaidi ya 100 waliuawa, waume kwa wake na watoto wao, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Sababu zilikuwa nyingi na siasa haikukosa mkono, walakini ardhi, malisho na njia ya kufikia maji vilikuwa katikati ya ugomvi. Na miongoni mwa walioumizana walikuwamo watu wa kibla kimoja.

WENZETU WALIFANYAJE?

Nitatoa mfano wa mbali, si kwa kuwatukuza wageni bali kwa sababu wafanana mno na wetu. Kule Ulaya, Mto Danube hupita katikati ya milima kutoka mji wa Passau wa Ujerumani hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Kando ya mto huo kuna njia ya baiskeli yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, ambayo kila mwaka hupitiwa na watu wengi, vijana, wazee, na hata watoto nyuma ya mama zao. Njia hiyo haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Zamani, kabla ya meli za mvuke, mashua zilikokotwa na farasi kupanda mto, na farasi walihitaji njia ya wazi kando ya maji. Farasi walipokwisha kazi yao, njia ilibaki, na watu wakawa na akili ya kutoiacha izibwe. Leo wenye vijiji vya kando yake huuza chakula na malazi kwa wapita njia.

Wao walikuwa na njia ya farasi. Sisi tunayo njia ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba ya kwao ilihifadhiwa baada ya mnyama kuondoka, na ya kwetu inapotea ilhali mnyama angali ana kiu.

Na vya kutazamwa je, havipo? Jirani ya Kotile kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, makao ya hirola, mnyama wa jamaa ya kongoni ambaye duniani kote hawazidi 500 kwa makadirio ya wataalamu. Mwaka 1996, serikali ilipotaka kuwahamishia wengine Tsavo, wenyeji wa Garissa walikwenda mahakamani kumtetea, wakisema hirola ni wa kwao. Mwaka 2012 wakamtengea eneo lenye ua, ili simba na fisi wasimmalize. Wazee wa huko waamini kwamba penye hirola ng'ombe nao hustawi. Ng'ambo ya mto kuna msitu wenye mbega mwekundu wa Tana na kima wa kishungi, wasiopatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Watu walioweza kumtengea mnyama wa porini mahali pa kuzaa wasishindwe kujitengea wenyewe mahali pa kupita.

WASEMAO HAIWEZEKANI

Nasikia mtu akisema, "Bwana wewe, nani ataendesha baiskeli Ijara, na habari za usalama tunazijua?" Swali hilo ni la haki, nami silidharau. Garissa ilizikwa moyo tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu, na njia za kuelekea msitu wa Boni zimemwaga damu ya raia na askari. Simshauri mtu yeyote ajitie hatarini, na mimi mwenyewe sikuondoka kijiji chochote bila kuwauliza wenyeji na askari hali ya njia. Walakini usalama wa njia hauletwi na kuiacha njia. Njia ipitwayo na watu asubuhi na jioni, ambayo kila mmoja humjua mwenziwe kwa kengele ya baiskeli yake, mgeni mbaya huonekana mara moja. Ni njia iliyoota vichaka ndiyo imfaayo mwovu.

Mwingine atasema kwamba barabara kubwa ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, ilipangwa kupita sehemu hizi hadi Garissa, basi baiskeli ya nini? Sipingi barabara. Lakini lami ni ya mtu apitaye, na malka ni ya mtu akaaye. Lori haliendi mtoni kuteka maji, wala haliingii shambani kuchukua maembe.

SHIME

Basi naomba mambo matatu, wala si makubwa.

Kwanza, serikali za kaunti za Garissa na Tana River ziketi pamoja na wazee, Gasa ya Wapokomo, Matadeda ya Waorma na wazee wa Kisomali wa Ijara, zizihesabu malka moja moja, zikubaliane upana wake, ziweke alama, na zisajiliwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ipo, yatosha kuitumia. Makubaliano ya mdomo yalifaa siku za babu zetu. Leo mwenye karatasi ndiye mwenye neno.

Pili, vijana walipwe kung'oa mathenge kwenye malka na kwenye njia ya kando ya mto inayoziunganisha. Mti wenyewe hutoa mkaa mzuri, basi kazi yaweza kujilipa sehemu ya gharama yake. Lakini ung'olewe mizizi, kwani ukikatwa juu tu huchipuka kwa hasira.

Tatu, njia hiyo ikiwa wazi, itangazwe kuwa njia ya baiskeli, kutoka Garissa hadi Kotile kwanza, na baadaye kuteremka mpaka Kipini, tuipite sisi wenyewe kabla ya kuwaita wageni. Vijana wa Lamu, Malindi na Mombasa waende wakawaone wenzao wa Masalani. Sisi tunaokula kamba wa Ghuba ya Ungwana na nyama ya ng'ombe wa Garissa tunamdai nani, na nani anatudai, hata tusijuane? Mtu aliyesukuma baiskeli katika mchanga ule hatasahau tena kwamba maji yana watu.

Nasi Waislamu tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa kilicho na madhara njiani ni tawi la imani. Nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni suala la ganda la ndizi barabarani. Kotile niliona njia nzima inayongoja kuondolewa miiba.

Yule mzee, tulipokwisha kuziba pancha, aliichukua ile miiba mitatu akaitia katika mfuko wa kanzu yake. Nikamuuliza anaipeleka wapi. Akasema anakwenda kuichoma nyumbani, kwani akiiacha pale mtoto atapita jioni na mitungi ya maji. Kisha akaniongoza kwa njia nyingine, ndefu, ya kuzunguka, mpaka mtoni. Mbuzi wake walinywa, nami nikajaza chupa yangu, na ilituchukua muda wa saa nzima kufika mahali ambapo, kwa maneno yake, zamani ng'ombe alifika kabla mchungaji hajamaliza wimbo wake.

Saa hiyo nzima ndiyo ninayowaomba wakubwa waihesabu, maana sisi tuliipoteza siku moja tu, na mtoto wa mitungi huipoteza kila siku.